SEHEMU YA 4: Mangungo wa Msovero na karatasi ya Kijerumani

Leo ni historia ya lugha, na inaanzia hapa hapa Kilosa.

Chifu Mangungo mnamkumbuka? Yule wa kwenye kitabu cha historia, tuliyefundishwa kumcheka. Mpaka leo kiongozi akisaini mkataba mbovu anaitwa Mangungo. Basi huyo ni mtu wa kwetu, wa Msovero, Usagara. Siku hizi tunaandika Msowero, pale njia ya Dumila.

Tarehe 29 Novemba 1884 Carl Peters alifika kwake na karatasi. Iliandikwa Kijerumani. Ilisema Mangungo anatoa nchi yake yote, na haki zote za utawala, kwa kampuni ya Peters. Inataja kwamba mkalimani alikuwepo. Lakini karatasi hiyo hiyo inadai Mangungo alisema hata hajui kama kuna Sultani wa Zanzibar! Jamani, misafara ya Zanzibar ilikuwa inapita Usagara miaka na miaka. Hapo unajiuliza: kilichoandikwa ndicho kilichosemwa? Alama yake ikawekwa chini. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuilinda kampuni hiyo. Nchi imekwenda.

Hayakuanza kwetu. Huko Amerika, kuanzia mwaka 1513, Wahispania walikuwa na tangazo la kuwataka wenyeji watii mfalme wa Hispania, wakikataa ni vita. Lilisomwa kwa Kihispania, kwa watu wasiojua neno hata moja. Baadaye Kihispania kikawa lugha ya taifa karibu eneo lote, Brazil wakabaki na Kireno. Lugha za wenyeji zilisubiri sana. Paraguay iliandika Kiguarani kwenye katiba kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania mwaka 1992. Bolivia ikatambua lugha 36 za wenyeji mwaka 2009.

Sisi tulipita njia nyingine. Wajerumani wenyewe walitumia Kiswahili kutawala. Kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba watu wa makabila mengi walikutana, wakaelewana kwa Kiswahili. Baada ya uhuru, mwaka 1967, kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi, na BAKITA ikaundwa. Mahakamani ilichukua muda zaidi: sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama ilipitishwa mwaka 2021. Yaani miaka 60 baada ya uhuru!

Sasa kwa nini nesi anawaletea haya?

Kwa sababu nimeshaona Mangungo wengi wodini. Mama yuko kwenye uchungu, analetewa fomu ya ridhaa ya upasuaji, imeandikwa Kiingereza. Anaambiwa "saini hapa". Anasaini. Ukimuuliza kesho yake alisaini nini, hajui. Huyo si mjinga, kama Mangungo hakuwa mjinga. Karatasi ndiyo haikuandikwa kwa ajili yake.

Mama, una haki ya kusema: "Nesi, nieleze kwa Kiswahili kwanza." Uliza wanataka kufanya nini, kwa nini, na kuna hatari gani. Hata kama ni dharura, maelezo mafupi yanawezekana. Hatutakasirika, na akikasirika mtu, uliza tena.

Halafu kuna jambo linaloniumiza zaidi. Kuna bibi wa Kikaguru anatoka milimani, kuna mama wa Kimaasai anatoka malishoni, Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu. Mbele yao, mimi na Kiswahili changu fasaha ndiye Peters. Mtu anaitikia "ndiyo, ndiyo" na hajaelewa dozi ya mtoto. Kwa hiyo ukimleta mama mkwe au jirani kliniki, ingia naye, mtafsirie. Kisha mwambie arudie kwa maneno yake nilichosema. Akirudia sawa, hapo tumeelewana.

Na nyumbani, Kikaguru, Kisagara, Kividunda, ongeeni na watoto. Kiswahili watakipata tu, shule na barabarani. Lakini siku bibi akiugua, nani atamtafsiria?

Niambieni hapo chini: umeshawahi kusaini kitu hospitali bila kukielewa?