Nani Hula Faida ya Modemu ya Kebo?

Hoja inayowavuta wawekezaji kwenye kampuni za modemu za kebo ni nyepesi: watu wanataka intaneti ya kasi, kila nyumba itahitaji modemu, basi mtengenezaji wa modemu atatajirika. Historia ya Marekani, ambako biashara hii ilikulia, inaikanusha. Watumiaji waliongezeka kwa mamilioni huku watengenezaji wengi wa mwanzo wakitoweka.

Chanzo ni DOCSIS, kanuni za kiufundi zilizotolewa mwaka 1997 na CableLabs, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na kampuni za kebo zenyewe. Awali modemu ya LANcity haikuelewana na mitambo ya Motorola, hivyo aliyenunua kwa mmoja alibaki mateka wake. Kanuni mpya ziliruhusu modemu ya kiwanda chochote kutumika kwenye mtandao wowote, na bei ikaporomoka. Tusisahau kwamba walioandika kanuni hizo ndio wanunuzi.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni Terayon ya California. Teknolojia yake ya S-CDMA ilistahimili kelele zinazoingia katika nyaya kuukuu, hasa kwenye masafa ya chini yanayobeba data kutoka nyumbani kwenda kwa mtoa huduma. Iliuza hisa kwa umma mwaka 1998, na bei ikapaa hadi mwaka 2000 kabla ya kuanguka. Baadaye S-CDMA ilikubaliwa ndani ya DOCSIS 2.0. Wahandisi wake walistahili ushindi huo, lakini mlango wa kuingilia ulikuwa hazina ya pamoja ya hataza zisizotozwa mrabaha. Kilichoitofautisha Terayon kikawa halali kwa washindani wake. Motorola iliinunua mwaka 2007 kwa takriban dola milioni 140. Com21, kampuni nyingine ya modemu iliyoingia sokoni mwaka uleule wa 1998, ilikuwa imekwisha kufilisika mwaka 2003.

Yupo atakayeitaja ARRIS, mtengenezaji mwingine wa modemu, iliyokua hadi kampuni ya CommScope ikainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 7.4. Lakini ARRIS ilikua kwa kumeza wenzake, na CommScope ilibaki na mzigo mzito wa madeni. Mwaka 2024 kitengo chake cha vifaa vya nyumbani kilikwenda kwa kampuni ya Vantiva, na malipo makuu yakawa hisa za Vantiva badala ya fedha taslimu.

Faida ilikimbilia kwenye chipu. Broadcom iliuzia viwanda vingi, hivyo haikuhitaji kubashiri kipi kitashinda. Hata huko nafasi ni finyu: Intel ilinunua biashara ya modemu za kebo ya Texas Instruments mwaka 2010, kisha mwaka 2020 ikauza kitengo chake cha vifaa vya intaneti ya nyumbani kwa MaxLinear kwa dola milioni 150 tu.

Leo matumaini yako kwenye DOCSIS 4.0, toleo jipya la kanuni zile. Kampuni za kebo za Comcast na Charter zinapoteza wateja kwa faiba na kwa intaneti isiyo na waya ya T-Mobile na Verizon, kwa hiyo zitaboresha mitandao ili kujilinda. Mauzo yatakuwepo; ninachotilia shaka ni nani atabaki na faida. Ningependelea kampuni kama Harmonic, ambayo programu zake huendesha mtandao upande wa mtoa huduma na si rahisi kuzing'oa. Hata hivyo, nayo inaitegemea mno Comcast, na mteja mmoja akiahirisha manunuzi, mapato ya mwaka mzima huyumba. Kanuni za uhasibu za Marekani huilazimu kampuni iliyouza hisa kwa umma kutangaza mapato yatokayo kwa kila mteja anayechangia asilimia 10 au zaidi ya mapato yake, na mwekezaji aanze kusoma taarifa ya mwaka hapo, kabla hajafika kwenye kurasa za teknolojia.