Biharusi, Wanja na Miwani: Macho Yetu Yametoka Wapi

Swali la safari hii limetoka kwa biharusi wa Mikindani, kule Mtwara. Haoni mbali, amevaa miwani tangu kidato cha pili, na shangazi zake wamemwambia siku ya harusi aivue kwa sababu haikai vizuri na wanja. Anauliza kama avae lenzi za machoni, na udhu wake utakuwaje. Tutamjibu, ila kwanza turudi nyuma, kwani jambo hili ni la kale kuliko shangazi zake wanavyodhani.

Tuanzie Basra, alikozaliwa Ibn al-Haytham karibu na mwaka 965. Kabla yake wataalamu wengi walishikilia kwamba jicho hutoa miale ikaenda kukigusa kitu. Yeye, akiwa Misri, aliandika Kitab al-Manazir akaeleza kinyume chake: nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Kitabu kikafasiriwa kwa Kilatini, Wazungu wakakisoma. Miwani ikaonekana Italia mwishoni mwa karne ya 13, lakini ilikuwa ya wazee wasioona karibu. Wasioona mbali walingoja mpaka karne ya 15, kilipoanza kutumika kioo kilichobonyea katikati. Jicho lao mara nyingi ni refu kupita kiasi, picha inakusanyika kabla ya kufika nyuma ya jicho. Kioo kile huisogeza mpaka mahali pake.

Huku pwani jicho la mwanamke lilisifiwa kwa wanja, si kwa kuona. Nani hamjui bibi mmoja aliyeitwa mwenye maringo, kwamba anapita watu njiani bila salamu, kumbe maskini hakuwaona?

Kusini shida ilikuwa pia ya njia. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika barabara ya Dar es Salaam ilikuwa haipitiki. Aliyevunja miwani yake Msimbati, au Kilambo kwenye mto Ruvuma, alikuwa na Ligula mjini, au Ndanda kwa wamisionari Wabenediktini, na subira.

Lakini tusisingizie njia tu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi zaidi ya 2,500 wa sekondari jijini Mwanza: karibu 6 katika kila 100 walikuwa hawaoni mbali, na kati ya waliohitaji miwani, hata theluthi moja hawakuwa nayo. Utafiti mwingine, wa Dar es Salaam, ulitoka 2008. Waliopewa miwani bure, baada ya miezi mitatu ni 47 tu katika 100 waliokuwa wakiivaa au walau wanayo skuli. Waliopewa cheti wakanunue wenyewe, 26. Bure, na bado zaidi ya nusu hawana! Sisi tunadhani maneno ya "macho manne" yamo humo, na msichana huyasikia hayo mpaka siku anayopakwa hina.

Lenzi nazo zina kisa chake. Adolf Fick alizitengeneza za kioo mwaka 1887, nzito, zinafunika mpaka weupe wa jicho, na hazikuvumilika ila saa chache. Za plastiki ngumu na ndogo zilikuja 1948. Kisha mwishoni mwa 1961, mjini Prague, Otto Wichterle akatengeneza lenzi laini nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto na dinamo ya baiskeli. Ndiyo mama wa hizi za leo.

Sasa jibu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kuosha ndani ya jicho si wajibu, si katika udhu wala katika josho la janaba. Lenzi inabaki mahali pake, udhu wako ni sahihi. Maji ndiyo ya kuogopwa kwa sababu nyingine: ya bomba au ya kisima, hata yakiwa meupe, yanaweza kuwa na vijidudu vya amiba vinavyoila kioo cha jicho. Usizioshe kwa maji wala kwa mate. Tumia dawa yake. Ukiingia kuoga, zivue kwanza. Usilale nazo usiku wa harusi hata uchoke vipi. Zivae kabla ya wanja na poda, mikono ikiwa safi haina mafuta. Na zile za rangi anazoazima mpambaji, zilizopita machoni mwa mabiharusi watatu, zikatae mbele ya shangazi wote.

Pimwa na daktari wa macho, uzizoee wiki kadhaa kabla. Zikikukataa, vaa miwani yako mpaka kwenye picha. Kioo cha asiyeona mbali hulifanya jicho lionekane dogo kidogo, kwa hiyo mwambie mpambaji aunenepeshe mstari wa wanja.