Kingamwili za Maabara Zinavyothibitisha Kichaa cha Mbwa

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyosafiri katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila aliyeupata. Kwa sababu hiyo, mnyama anayeshukiwa na kufa huthibitishwa kwa kupima ubongo wake maabara.

Kipimo hicho hutegemea kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu kimoja mahususi. Kingamwili hizi hunasa protini ya virusi iliyojikusanya ndani ya chembe za neva. Mtaalamu huchukua sehemu ya shina la ubongo na ubongo mdogo, huipaka kwenye kioo, kisha huongeza kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa. Baada ya kuosha, kingamwili zilizonasa hubaki na huonekana kwa rangi ya kijani kupitia hadubini maalumu. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1958.

Njia nyingine hutumia hadubini ya kawaida, na virusi huonekana kama madoa mekundu. Tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2006 ilihusisha sampuli kutoka ukanda wa Serengeti, zikiwemo zilizohifadhiwa katika gliserini. Jambo hilo lina uzito kwa maeneo ya milimani kama Amani, wilayani Muheza, ambako sampuli husafirishwa mbali.

Mwananchi aliyeng'atwa asisubiri majibu ya maabara. Anapaswa kufanya yafuatayo:

- Kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15.
- Kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kwa majeraha makubwa, mtaalamu huweza pia kuchoma kingamwili kwenye jeraha.
- Kumtaarifu ofisa mifugo. Mbwa au paka aliye hai na mwenye afya hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10.
- Kutogusa wala kupasua kichwa cha mnyama aliyekufa. Kazi hiyo ni ya wataalamu.

Kinga ya kudumu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila kampeni. Kisiwa cha Pemba, ng'ambo ya pwani ya Tanga, kilitokomeza ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa. Uliporejea mwaka 2016, ulidhibitiwa tena kwa njia hiyo hiyo.