Ngoro na Gridi

Kabla ya mwaka 2018, umeme wa Mbinga ulikuwa na mlio: jenereta za dizeli. Kisha njia ya kilovolti 220, takribani kilomita 250 kutoka Makambako hadi Songea, ikatuunganisha na gridi ya Taifa. Tulishangilia, tena kwa haki.

Lakini tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu ya gridi iliacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Nikakumbuka ngoro.

Kwa zaidi ya miaka 100 Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa mashimo mengi, kila moja likizungukwa na matuta yaliyofukiwa nyasi. Mvua kubwa ikibomoa shimo moja, mengine bado yanashika maji.

Nasi tunalo shimo letu: kituo kidogo cha umeme wa maji cha Mbangamao, kinachouzia gridi. Ila mitambo midogo ya namna hii kwa kawaida huzimika pamoja na gridi, isipokuwa imewekewa mfumo wa kujitenga na kuhudumia eneo lake.

Sitaki jenereta zirudi. Nataka siku njia ya Makambako ikikatika, wodi ya wazazi isirudi kwenye koroboi.