Mgeni Porini au Mgeni wa Mfalme? Maisha ya Kila Siku ya Wasafiri wa Kigeni Magharibi mwa Ziwa Viktoria, 1861–1891

Maandishi ya wasafiri wa Ulaya waliofika katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera yanawaonyesha watu waliokaa porini, mbali na msaada wowote. Picha hiyo haiafikiani na mazingira yenyewe. Katika nchi ya Wahaya, yaani Bukoba na Muleba za leo, makazi yalizungukwa na vibanja vya migomba, na kati ya kijiji na kijiji palikuwa na rweya, nyika ya majani iliyotumiwa kwa malisho na kwa kukata nyasi za kuezekea. Kila ardhi ilikuwa chini ya mtawala. Makala haya yanadai kwamba maisha ya kila siku ya msafiri aliyekaa muda mrefu yaliongozwa na uhusiano wake na mwenyeji: nani amempokea, nani anamlisha na nani anamruhusu kuondoka.

Mfano wa kwanza unatoka Karagwe, jirani ya magharibi ya Buhaya. John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa mfalme Rumanyika tarehe 25 Novemba 1861. Njia nzima kutoka Unyamwezi walikuwa wametozwa hongo na watawala. Walipoingia Karagwe hali ilibadilika, kwani wakuu wa vijiji waliagizwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme. Ukarimu huo ulikuwa pia sera. Karagwe ilikwisha kuzoea wafanyabiashara wa pwani, ambao baadhi yao walikaa Kafuro kwa miaka, na mgeni aliyetunzwa vizuri alileta nguo, shanga, bunduki na habari.

Speke aliondoka tarehe 10 Januari 1862. Grant alibaki kwa sababu ya ugonjwa wa mguu, na mgonjwa hakukubaliwa kuingia Buganda. Kwa zaidi ya miezi mitatu hakuweza kutembea. Alitibiwa kwa dawa za wenyeji, akala kilicholetwa, akaandika aliyoyaona na kuyasikia akiwa kibandani. Hata safari yake ya kuondoka mwezi Aprili haikuwa mikononi mwake, kwani alibebwa kwa machela na watu waliotoka Buganda. Kwa hiyo, kitabu alichokichapisha mwaka 1864 kwa jina la kutembea kuvuka Afrika kinahifadhi pia kumbukumbu ya mtu aliyebebwa.

Mfano wa pili unaonyesha yaliyotokea pale uhusiano huo ulipokosekana. Tarehe 28 Aprili 1875 Henry Morton Stanley alifika katika kisiwa cha Bumbire, Muleba, akitafuta chakula. Mitumbwi ya Buganda iliyopaswa kumsindikiza ilikuwa imebaki nyuma, hivyo hapakuwa na mtu wa kumtambulisha. Mashua yake ilivutwa nchi kavu. Baharia wake Safeni alijadiliana na wenyeji, nguo na shanga zikatolewa, kisha makasia yakachukuliwa. Tukio hili linaweza kusomwa kama njia ya kumweka mgeni asiyejulikana chini ya mamlaka ya kisiwa mpaka hadhi yake ibainike. Stanley aliliona kuwa ni njama ya kumuua, akafyatua risasi na kutoroka. Mwezi Agosti alirudi na kikosi kikubwa, akawashambulia watu wa Bumbire kutoka majini. Kwa hesabu yake mwenyewe, zaidi ya watu 30 waliuawa. Habari hizo zilipofika Uingereza zilizua lawama kali. Hata hivyo, maelezo ya watu wa Bumbire hayakuandikwa wakati huo, na hata maneno ya Safeni yamefika kwa wasomaji kupitia kalamu ya Stanley.

Mfano wa tatu ni Bukoba yenyewe. Mwezi Novemba 1890 Emin Pasha, akiwa katika utumishi wa Ujerumani, alianzisha kituo kando ya ziwa. Mwezi Februari 1891 aliendelea na safari kuelekea Karagwe, lakini kituo kilibaki chini ya Wilhelm Langheld. Hapo ndipo uhusiano wa zamani ulipogeuka. Grant alisubiri ruhusa ya mfalme ili aondoke. Baada ya kituo kuimarika, watawala wa Buhaya ndio waliolazimika kupima matendo yao kwa kuitazama ngome ya Wajerumani.

Ni dhahiri, basi, kwamba neno “pori” katika vyanzo hivi halielezi mazingira tu. Linamfuta mwenyeji aliyelima, aliyepika, aliyetibu na aliyebeba. Mtafiti anayesoma vitabu vya wasafiri hana budi kuuliza, katika kila ukurasa, chakula cha siku hiyo kilitoka kwenye kibanja cha nani.