Calibre ilivyoanza

Mwaka wa 2006 Sony walitoa PRS-500, kifaa cha kusomea vitabu. Ajabu ni kwamba hakikuelewana na Linux! Kovid Goyal, mwanafunzi wa chuo kikuu enzi hizo, akachunguza kinavyowasiliana na tarakilishi, akaandika programu yake, libprs500. Baadaye akaongeza uwezo wa kugeuza vitabu kuwa LRF, aina ya faili waliyobuni Sony. Mwaka wa 2008 programu ikapewa jina la calibre.

LRF je? Sony wenyewe waliihama mwaka wa 2009, wakaenda EPUB. Microsoft Reader nayo ilikomeshwa 2012, ikaacha faili za LIT zikiwa yatima. Zangu, ambazo kwa bahati hazikuwa na kufuli, nilizikusanya kwenye folda moja. Skripti fupi ikaziita moja moja kwa ebook-convert, amri ya calibre, zikatoka EPUB.