Sukari Katika Chungu cha Samaki

Katika nchi ya Vietnam yako mapishi yaitwayo kho. Sukari huyeyushwa chunguni mpaka ikaiva na kuwa na rangi ya kahawia; kisha hutiwa maji ya dafu, nyama, na maji ya chumvi yatokanayo na samaki waliovundikwa, vikatokota kwa moto mdogo mpaka mchuzi ukawa mzito. Nyama ipendwayo huko ni ya nguruwe, nayo ni haramu kwa watu wa Shumba, kaskazini ya Pemba. Lakini Wavietnam wenyewe hupika samaki kwa njia iyo hiyo. Basi mpishi wa Shumba hana kizuizi: samaki hutoka pwani kwake, dafu huangushwa mnazini, na mpunga hulimwa kisiwani. Sukari tu ndiyo aendeayo dukani. Kwa nini iwe hivyo, na hali muwa umeota Pemba tangu zamani?

Jirani na Shumba yapo mabaki ya miji miwili ya kale, Tumbe na Chwaka. Wataalamu waliofukua Tumbe, mji uliokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10, walikuta kuwa uwele ndio uliokuwa nafaka kuu. Chwaka, iliyosimama tangu karne ya 11, walikuta mpunga umeushinda uwele. Mpunga huo asili yake ni Asia, na muwa asili yake ni New Guinea. Vyote viwili vilivuka bahari vikawa wenyeji.

Yapata mwaka 1516 Mreno Duarte Barbosa aliandika khabari za Mafia, Unguja na Pemba. Alivisifu visiwa hivyo kwa rutuba, mchele, mtama, nyama, machungwa na malimau. Akaongeza kuwa miwa ilikuwa mingi, bali wenyeji hawakujua kutengeneza sukari.

Msomaji aweza kulichukua neno hilo kuwa ni aibu ya wazee wetu. Sisemi kuwa Barbosa alidanganya. Yafaa tu tuulize alitazama kwa jicho gani. Taifa lake lilikuwa limekwisha kutajirika kwa sukari ya Madeira, na katika kisiwa cha São Tomé Wareno walikuwa wakilimisha miwa kwa mikono ya watumwa. Kwa jicho hilo, muwa usioingia kinuni ni mali iliyopotea. Kwa mwenyeji, muwa ulikuwa kitu cha kumenywa na kutafunwa, wala haukumdai zaidi.

Tena sukari haitengenezwi kwa maarifa peke yake. Muwa ukisha kukatwa, maji yake huharibika upesi. Lazima usagwe mara moja, na maji yachemshwe kwa kuni nyingi mpaka chembe zishikane. Kazi hiyo haingojei mchovu kupumzika. Ndiyo sababu katika nchi nyingi ilitafutiwa watu wasioweza kuikataa.

Pwani yetu nayo iliyaona hayo. Katika karne ya 19 bonde la Pangani lilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani mwaka 1888, akanyongwa mwaka 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa huko. Pemba ilipata mzigo wa namna hiyo kwa karafuu, hata utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897. Basi elimu ambayo Barbosa aliikosa visiwani ilipofika pwani haikufika peke yake.

Kwa hiyo mpishi wa Shumba akiyeyusha sukari ya dukani, asione haya kwamba babu zake hawakuitengeneza. Na aikoroge kwa uangalifu, asiondoke jikoni; kwani baina ya sukari iliyoiva na iliyoungua pana dakika moja tu, na iliyoungua huwa chungu, haina tena dawa.